Kapu si kapu

Mwanangu Zuhura,

Hatujambo sote, isipokuwa goti langu. Umeniuliza kama tajiri wako, aliyehamia Honolulu juzijuzi kutoka California, anakosa adabu kuandika "No park hea", yaani usiegeshe hapa, kwa Pidgin, lugha ya mitaani ya Hawaii, kwenye kibao cha maegesho ya mgahawa. Nitakujibu. Ila kwanza nikusimulie upya lile la kapu, maana ulilisikia kwa baba yako, naye alikuwa mtia chumvi.

Ilikuwa 1984, mwaka wangu wa kwanza chuoni Mānoa, hapo hapo Honolulu. Narudi kwa miguu, naona kwenye lango la mbao maandishi mekundu: KAPU. Mimi na Utanga wangu! Nikasema loo, kumbe huku nako wanauza makapu. Tena usinicheke, Kihawaii kila silabi yake yaishia kwa irabu kama yetu, ungedhani ni ndugu. Nikafungua komeo nikaingia, dola mbili zi mkononi. Hatua ya tano sikufika. Bibi mmoja aliyekuwa akimwagilia maua akanipigia ukelele kwa Pidgin: wewe, hujui kusoma?

Mimi niliyevuka bahari kwa ajili ya kusoma! Neno lile linanichoma mpaka leo. Kapu kwao ni mwiko, marufuku, usikanyage.

Nilipomweleza habari ya makapu hakucheka. Kicheko alikiongeza baba yako. Alifunga bomba, akaniambia lugha ya mama yake aliisikia jikoni tu, shuleni ilimletea kiboko. Tangu 1896 sheria ilitaka shule zifundishe kwa Kiingereza. Siku ile tuliyosimama pale, Kihawaii kilikuwa na miaka sita tu tangu kifanywe lugha rasmi ya jimbo. Kibao alikiandika kwa mkono wake.

Ndiyo maana nasema siku zote: kibao ni mwenye nyumba amesimama mlangoni. Iwe kāne na wahine, wanaume na wanawake, kwenye milango ya vyoo, iwe mahalo, yaani asante, kwenye pipa la taka (ya baba yako na mahalo nisiirudie), ni mwenyeji anayesema nawe.

Sasa Pidgin. Ilizaliwa mashamba ya miwa, Mhawaii, Mchina, Mreno, Mjapani na Mfilipino wakitafuta pa kuelewana, walimu wakaiita Kiingereza kibovu. Leo mtu wa juzi anaiandika apate wateja. Inaniudhi. Lakini mbona hatukasiriki mgeni akiandika "Karibu" kwenye hoteli yake? Au tunakasirika? Mimi Nungwi nilikasirika, uliniona. Kibao ni mwenye nyumba, nasema, na yule si mwenye nyumba. Ila wale vijana wa jikoni, wazaliwa wa Waiʻanae, wenyeji wa kisiwa hicho hicho, wamesemaje? Hukuniandikia. Kama mmoja wao ndiye aliyeshika brashi, basi... Hapo nanyamaza, ingawa ulimi unaniwasha.

Waulize, uniandikie. Na ukipita Mānoa, tazama kama lile lango lipo. Usiingie.

Mama yako