Maswali na majibu: "Cousin" ni nani hasa?

"Cousin" kwa Kiswahili ni binamu, sivyo?
Nusu tu. Kwa Kiingereza, mtoto wa baba mdogo, wa shangazi, wa mjomba na wa mama mkubwa wote ni "cousin", awe wa kike au wa kiume. Sisi hatuwatii kapu moja: wa shangazi na wa mjomba ni binamu, wa baba mdogo na wa mama mkubwa ni kaka na dada. Kamusi inayoandika "binamu" na kuishia hapo inawapoteza watu. Na ninyi wazazi mnaomwita kila mtu "anko", mtoto atajuaje nani mjomba na nani baba mdogo?

Mtoto wa baba mkubwa ni kaka yangu. Kwenye fomu ya viza niandike "brother"?
Usithubutu. "Brother" ni wa baba mmoja au mama mmoja nawe. Majina ya wazazi yakipishana, afisa hatafikiria mila zenu, atafikiria umedanganya. Andika "cousin". Kwenye muhtasari wa kikao cha ukoo unaotafsiriwa kwa ajili ya mirathi, hata "cousin" haitoshi. Andika uhusiano mzima: "son of my father's elder brother". Neno moja likikosewa hapo, mtu anaingizwa kwenye fungu lisilo lake.

"Cousin brother" ni sahihi?
Mtaani utaeleweka. Kwenye mtihani, futa "brother".

Inatamkwaje?
"Kazn". S inasikika z. Na acheni kuandika "causin".

"First cousin" ni binamu aliyezaliwa wa kwanza?
Tena swali hili! Umri haumo. Mtafuteni babu au bibi mnayekutana kwake, kila mmoja kupitia mtoto wake tofauti. Nyote wajukuu wake: "first cousins". Nyote vitukuu: "second". Nyote vilembwe: "third". Mmoja mjukuu na mwenzake kitukuu, mmepishana kizazi kimoja, ndiyo "first cousin once removed". Hapo hata Waingereza hukosea, wakamwita mtoto wa "first cousin" wao "second cousin". Huyo ni "second cousin" wa mwanao, si wako. Wako wewe ni mtoto wa "first cousin" wa baba au mama yako.