Lubaale si "mungu mdogo"

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: neno la Kiingereza "deity" tuliseme vipi kwa Kiswahili? Mimi hupambana nalo karibu kila siku. Natembeza wageni hapa Jinja, Uganda, mto Nile unapotoka Ziwa Victoria, na wengi wanaokuja kwangu ni Wakenya na Watanzania.

Balaa huanzia kwenye jina la ziwa. Waganda huliita Nalubaale, na hata bwawa la umeme la mwaka 1954, lililokuwa Owen Falls, sasa linaitwa hivyo. Mgeni akisikia, atauliza maana. Mzungu namwambia lubaale ni "deity", yamekwisha, tunapanda boti. Neno hilo lina adabu za balozi. Asili yake ni Kilatini, deitas, ambalo Augustino, mwanateolojia wa kale wa Kikristo, alilitumia kwa maana ya uungu, yaani ile hali ya kuwa Mungu. Baadaye Waingereza wakamwita hivyo pia mwenye hali hiyo. Wakiliandika kwa herufi kubwa na "the" mbele yake, ni Mwenyezi Mungu. Wakiliandika kwa herufi ndogo, ni yeyote anayeabudiwa popote, na msemaji hajakwambia kama yeye anamwamini.

Kiswahili hakikupi kichaka hicho cha kujificha. Siku moja nilimwambia mama mmoja wa Mwanza kwamba Mukasa ni mungu wa ziwa. Alikuwa anachambua miiba ya sato. Akafuta vidole, akanitazama. "Mwanangu, Mungu ni mmoja." Nikajitetea: basi, mmoja wa miungu. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa.

Sikilizeni sarufi yetu. Mungu ni "huyu", Mungu "anasikia". Lakini Kutoka 20:3 katika Biblia ya Muungano inasema: "Usiwe na miungu mingine ila mimi." Mingine, si wengine! Wakishakuwa wengi tu, wanafukuzwa kwenye ngeli ya watu na kuketishwa pamoja na miti na mikeka. (Wapo wanaosema "miungu wengine", hao tutagombana nao wiki nyingine.) Sentensi haijaisha, hukumu imeshatoka. Yule mama alisikia "sanamu".

Nimejaribu pia "mzimu". Watoto wanaogopa, na maana haifiki: mzimu ni wa marehemu wa ukoo fulani, lakini Mukasa alikuwa akiombwa na watu wa koo nyingi. "Pepo" ndiyo usiseme kabisa, labda kama unataka abiria wako waanze kukemea ndani ya boti.

Shida ni kwamba balubaale wengi husimuliwa kama watu waliowahi kuishi. Mukasa ni wa visiwa vya Ssese. Kibuka, nduguye, ni wa vita. Masalia yake yalichukuliwa hadi Cambridge, Uingereza, yakarudishwa Uganda mwaka wa uhuru, 1962. Muumba ana jina lake mbali, Katonda, kutokana na kutonda, yaani kuumba. Ndiyo maana ukimwita Mukasa "mungu", hata kwa herufi ndogo, unamvisha kanzu isiyo yake, halafu unamlaumu kwa kuivaa.

Kwa hiyo jibu langu halina neno moja. Kwa hali yenyewe tunalo "uungu", nalo limo katika Warumi 1:20. Zeus na wenzake waacheni wawe miungu, hakuna atakayekasirika. Ila wa kwetu nawaita kwa jina lao: lubaale huyu, balubaale hawa, kisha naeleza ni nani.

Hivyo ndivyo nilivyofanya kwa yule mama baada ya kuomba radhi. Nilimsimulia Mukasa wa Ssese na wavuvi waliomwomba kabla ya kuingia majini. Akanyamaza, akarudia sato wake.

"Kumbe alikuwa mtu," akasema. "Na samaki, alikuwa anawapa?"