Kabla ya Kugoma, Tunza Karatasi Zako

Wiki jana kijana mmoja anayeshona nguo kiwandani aliniandikia: "Mzee, kesho kutwa tunagoma. Unatushauri nini?" Sikulala. Ujumbe huo ulinirudisha kwenye lango la kiwanda cha pamba hapa Kisumu.

Nilikuwa mfumaji. Shifti ya usiku tulitoka mtaa wa Obunga kwa miguu, kikundi kizima. Mle ndani hewa ilitiwa unyevu makusudi ili uzi usikatike, nasi tukaloa jasho hadi alfajiri. Kwa kelele za mitambo tulizungumza kwa mikono na kusomana midomo. Sikio langu la kushoto halijapona hadi leo. Lakini niliipenda kazi ile! Uzi ukikatika niliuunga kabla msimamizi hajageuka, na kitambaa changu hakikurudishwa.

Tuligoma kwa ajili ya saa za ziada ambazo hatukulipwa. Siku tatu tuliimba langoni, akina mama wauza nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, wakitulisha kwa mkopo. Siku ya nne ikabandikwa orodha ya waliofutwa. Jina langu lilikuwemo. Watu niliokula nao sahani moja walipita wakaingia kazini, macho chini. Bado inauma.

Nilipokwenda kudai changu niliulizwa: hati ziko wapi? Sikuwa nazo. Karatasi za mshahara tulikuwa tukiwashia jiko. Mwenzangu aliyezitunza zake zote katika mkebe wa mafuta ya Kimbo alilipwa. Miaka yangu tisa ikapotea hivyo.

Miaka ya 1990 soko likafunguliwa kwa bidhaa za nje, mitumba ikajaa soko la Kibuye, na hata wale waliorudi kiwandani wakapoteza kazi.

Sasa nyinyi sheria mnayo, isomeni! Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inataka mgogoro upitie usuluhishi kwanza, kisha notisi ya maandishi ya siku 7 kwa mwajiri na kwa Waziri wa Kazi. Mkigoma bila notisi, mwajiri ameshika mpini, nyinyi mmeshika makali. Ukifutwa, una miaka 3 tu ya kwenda mahakamani. Tunza karatasi. Kila hati ya mshahara ipige picha. Hakikisha michango yako inafika NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, usingoje uzeeni. Narudia: tunza karatasi, hata ile unayoiona haina maana.

Jana kijana amenijibu kwamba wameahirisha na wanaandika notisi. Nimemwambia aniletee niisome kabla hawajaipeleka.