Unahama Makorora kwenda Kange? Anza na nyumba, maboksi baadaye

Dada, umesema mnatoka Makorora kwenda Kange mwisho wa mwezi, watoto wawili wako shule ya msingi, na hujui uanzie wapi wala uchukue Kenta (lori dogo) au kirikuu (kigari kidogo cha mizigo). Naona waliotangulia kukujibu wamekimbilia maboksi na magazeti ya kufungia vikombe. Mimi nimehamahama ndani ya Tanga hii hii, Ngamiani, Chumbageni, sasa niko Mikanjuni, na vyombo havijawahi kuniumiza kichwa. Kichwa huuma ukishafika unakokwenda.

Kabla ya kumkabidhi mwenye nyumba pesa yote, chukua namba ya mita ya LUKU uingize umeme kidogo uone unapata nini. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, na kwa nyumba ya kawaida sasa ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Nyumba ikikaa tupu bila mtu kununua umeme, deni linajilimbikiza kimyakimya, linamsubiri mnunuzi wa kwanza. Miezi 6 tu ni 9,000. Kule Chumbageni niliingia nyumba iliyokuwa imefungwa muda mrefu, nikanunua umeme wa elfu kumi, uniti zilizokuja zilikuwa za kuchekesha. Mwenye nyumba akanambia "hiyo ya mtumiaji, mama." Si ya mtumiaji. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, wewe umemlipia tu. Mkubaliane mapema atakurudishia au atakupunguzia kwenye pango, na iandikwe kwenye mkataba, maana maneno ya barazani husahaulika.

Maji nayo vivyo hivyo. Fungua bomba zote, hata la chooni, halafu omba kuona bili ya mwisho ya Tanga UWASA ikiwa imelipwa. Piga picha mita ya maji siku unayopewa funguo. Deni la aliyetoka likibaki, wa kukatiwa maji ni wewe uliyemo ndani.

Watoto: hili lianze leo, usingoje gari. Nenda kwanza shule ya huko Kange ujue nafasi ipo, ndipo urudi kwa mwalimu mkuu wa sasa aanzishe uhamisho, kwa namba ya PReM ya kila mtoto, ile ya usajili wa mwanafunzi. Kama kuna wa darasa la nne au la saba, mwaka wa mtihani wa taifa, uliza mapema zaidi. Huenda ikawa afadhali amalize mwaka alipo, apande daladala. Barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa ni jambo dogo, ichukue Makorora ukajitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa mpya.

Sasa mizigo. Pima milango. Jirani yangu alileta kabati la mninga la milango mitatu, zito kama jahazi. Vijana wakaliingiza koridoni, wakaligeuza kwenye kona, likagoma. Halikwenda mbele wala nyuma, na mama mwenye nyumba yuko upande wa pili na mtoto mgongoni, hawezi kutoka. Ikabidi aitwe fundi na bisibisi, akang'oa mlango wa chumba bawaba kwa bawaba, ndipo likapita huku linakwaruza fremu. Kwa hiyo kitanda na kabati vifunguliwe nyumbani, nati za kila kimoja ziingie kwenye soksi kuukuu, ifungwe kwenye ubao wake mwenyewe. Godoro na makochi vipige jua na ukague mishono, kunguni hawalipi nauli.

Friji isafiri wima. Ikilazwa, ukifika isimamishe uiache masaa kadhaa kabla ya kuiwasha, mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Mtungi wa gesi ufungwe na uvuliwe regileta.

Siku yenyewe iwe Jumamosi, muanze mara baada ya alfajiri. Ijumaa usijaribu, ikikaribia saa sita vijana wanawaza msikiti, na ni haki yao. Kama ni masika, gari bila turubai likatae hata akikupunguzia bei.

Na swali lako la gari: kwa nyumba ya vyumba viwili na sebule, Kenta moja. Kirikuu bei yake ni ndogo lakini itarudi na kurudi, na kila ikirudi mizigo mingine imebaki nje bila mtu wa kuilinda. Ila mpatane kabisa kama bei ni pamoja na kupakia na kushusha, na kushusha ni mpaka chumbani au mpaka getini. Wengi hugombania hapo, jua kali, kitanda kiko barabarani.