Muulize Mwalimu: Mwenye Kilemba wa Dukani

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Marehemu babu yangu alipokuwa kijana mdogo alipima nguo kwenye duka la Mhindi hapa Tabora, miaka ya vita vya Hitler. Alituhadithia kwamba juu ya sefu palitundikwa picha ya bwana mnene mwenye kilemba, shingoni lulu tupu, na kila asubuhi tajiri wake aliichomea udi. Akiuliza ni nani, anajibiwa: "Jam Saheb, mfalme wetu." Alikuwa mfalme kweli au mtumishi wa Waingereza? Na hiyo Jam ndiyo jamu ya mkate? – Mjukuu wa Mpima Nguo, Isevya.

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Kwa miaka hiyo, Jam Saheb ni Digvijaysinhji, mtawala wa Nawanagar. Makao yake yalikuwa Jamnagar, upande wa Kathiawar, magharibi mwa India. Wenye maduka wengi wa kwetu asili yao ni huko na Kutch jirani yake. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, ndipo walipozidi kuingia bara. Kiti alikirithi 1933 kwa ami yake, Ranjitsinhji, yule bingwa wa kriketi aliyeichezea timu ya Uingereza.

Mfalme au mtumishi? Wewe mtu wa Unyanyembe ndiye wa kunijibu mimi. Mtemi zama za Mwingereza alikuwa na baraza lake na watu wakimpigia magoti, lakini DC yuko palepale bomani. Watawala wa India walikuwa zaidi ya 500, na hali ilikuwa hiyohiyo, ila wengine walilala juu ya almasi. Hata mizinga ya kuwasalimu Mwingereza aliihesabu: wa Kutch apigiwe 17, wa Nawanagar 13. Watu wazima, na ndevu zao, wakipimana kwa milio ya mizinga!

Mimi namkumbuka kwa jambo jingine. Zamani nilipofundisha Arusha nilipita Tengeru, nikaona makaburi yenye misalaba na majina yaliyonishinda kutamka. Ni ya Wapolandi. Walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti kupelekwa Siberia na kwingineko, kisha wakaachiliwa 1941, wakatawanyika kutafuta pa kukaa. Maelfu wakaletwa huku Tanganyika. Watoto wao, wengi yatima, wengine walipelekwa India. Mwaka 1942 Jam Saheb aliwapokea Balachadi, karibu na jumba lake la mapumziko pwani, akawaambia kuanzia siku hiyo yeye ni Bapu wao, yaani baba. Walikaa hapo mpaka 1946.

Waliolelewa pale walisimulia kwamba waligoma kula spinachi, ule mchicha wa Kizungu. Habari ikamfikia Bapu, akaamuru isipikwe tena. Hebu fikiria wewe ugomee mlenda wa bibi yako, halafu amri itoke ikulu! Mimi hapo ndipo ninapomwona mfalme, kwenye sufuria. Mizinga 13 alihesabiwa na mwingine. Spinachi aliiondoa mwenyewe.

India ilipojitawala, mwaka 1948 Nawanagar iliunganishwa na jirani zake kuwa Saurashtra, naye akawa mkuu wake wa heshima hadi 1956. Huku kwetu machifu walifutwa 1963. Yeye alifariki 1966. Ukifika Warsaw leo utakuta kiwanja kidogo cha mjini kinachoitwa cha Maharaja Mwema. Ndiye huyo wa juu ya sefu.

Na jamu ya mkate, hapana. Jam ni cheo cha watawala wa Nawanagar, kama sisi tunavyosema mtemi, na Saheb ni bwana. Ila wewe si wa kwanza kuuliza: darasani kwangu kila mwaka alikuwepo mmoja, na mara nyingi ni yule aliyekuja bila kunywa chai.