Kuhusu vijana wanaotaka kulizuia basi la watalii

Ndugu yangu wa Nakuru, umeeleza kwamba mgogoro wenu wa fidia ya ardhi umekaa miaka bila majibu, na kwamba baadhi ya vijana wanapendekeza basi la watalii lizuiliwe hadi wakubwa waje, "kama walivyofanya Yemeni". Naomba uwasimulie historia hiyo ikiwa kamili.

Ni kweli kwamba katika miaka ya 1990 makabila ya Yemeni yaliwateka wageni ili kuidai serikali barabara, shule au kuachiliwa kwa jamaa zao waliofungwa, na mateka wengi walikirimiwa vizuri kisha wakarudishwa salama. Hata hivyo, Agosti 1998 serikali iliweka adhabu ya kifo kwa utekaji, na Desemba mwaka huohuo kundi la wapiganaji, ambalo halikuwa na haja ya barabara yoyote, liliwateka watalii 16 huko Abyan. Wanne waliuawa jeshi lilipojaribu kuwaokoa.

Kwenu, watakaoumia kwanza ni madereva na wauza vinyago, ambao pengine ni jamaa zenu. Kusanyeni nakala za hati na barua zote za zamani, muwasilishe ombi la maandishi katika Bunge la Kaunti, na ikishindikana mfungue kesi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapo Nakuru. Mkitaka kuandamana, Kifungu cha 37 cha Katiba kinawaruhusu, mradi muwe na amani na bila silaha. Nawe usihudhurie tena kikao cha kupanga habari ya hilo basi, kwa maana polisi hawatauliza ni nani aliyekaa kimya.