Maswali Yenu: Boti za Rimoti, Rangi na Mota

Barua za safari hii zinahusu boti ndogo za umeme zinazoendeshwa kwa rimoti, na karibu zote zimetoka kwa wasomaji wa Mwanza na visiwa vya jirani. Rangi tumeipa nafasi kubwa kwa sababu ndiyo iliyowasumbua wengi.

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Nina boti ya plastiki ya sentimita 70. Ilikuja nyekundu, nikaipulizia njano na nyeusi kwa makopo ya dukani. Ilipendeza sana, lakini ilipoingia ziwani mara ya pili rangi ya chini ikaanza kubanduka vipande vipande. Je, niliuziwa rangi feki? (Msomaji, Igoma)

JIBU: Usiilaumu rangi kwanza. Chukua kipande kimoja kilichobanduka, kigeuze. Kama mgongo wake ni laini na unang'aa, rangi yako haikushika kitu tangu siku ya kwanza. Kama una utando mwekundu, rangi ya kiwandani ndiyo iliyoachia plastiki, na hapo itabidi ya zamani yote itoke kwa msasa kabla ya kuanza upya.

Plastiki ya boti hizi kwa kawaida ni ile ngumu iitwayo ABS. Inatoka kiwandani ikiwa laini mno, na juu yake huwa kuna mabaki ya nta ya kalibu, mafuta ya vidole na, upande wa nyuma, girisi ya shafti. Ukipuliza juu ya hayo, rangi inalala tu bila kung'ang'ania. Boti ikikimbia, maji yanatafuta ukingo mmoja ulioinuka, mara nyingi pale shafti inapotokea au kwenye kishikio cha usukani. Yakishapenya hapo, yanafumua mpaka mbele.

Toa kila kinachofunguka: propela, usukani, bomba la kuchotea maji, stika. Gundi ya stika iondoe kwa mafuta ya taa kidogo, kisha osha bodi yote kwa sabuni ya vyombo, suuza, kausha. Piga msasa wa maji namba 400 mpaka mng'ao wote uishe, halafu namba 600. Pembe za mistari ya chini ndizo zinazosahaulika, na ndiko kubanduka kunakoanzia. Futa kwa spiriti na kitambaa safi, na kuanzia hapo shika bodi kwa glavu. Thina ya rangi za gari usiiguse kwa kazi hii: inayeyusha ABS na kuiachia nyufa nyembamba. Kama kuna mahali paliwahi kuzibwa kwa silikoni, kwangua na usafishe mara mbili, maana rangi huikimbia silikoni na kuacha vishimo vya duara ambavyo hata mkono (mpako) wa tano hauvifuniki.

Anza na praima (rangi ya kwanza ya kushikiza) ya plastiki, ile wanayotumia wanaopaka bampa za magari, mkono mmoja mwembamba. Fuatisha praima ya kawaida mikono miwili; kopo moja la mililita 400 linatosha boti yako. Ikikauka, pitisha msasa 600 kwa wepesi. Sasa rangi: shika kopo umbali wa sentimita 25, anza kupuliza nje ya bodi, pita bila kusimama, malizia nje. Mkono wa kwanza uwe mwepesi kiasi kwamba praima bado inaonekana. Subiri dakika 10 hadi 15, kisha wa pili, kisha wa tatu. Anayetaka kufunika kwa mkono mmoja ndiye anayepata michirizi. Njano yako iwekee nyeupe chini yake, kwa sababu juu ya praima ya kijivu huonekana chafu na utamaliza makopo mawili ukiitafuta.

Usipake mvua ikiwa imetoka kunyesha. Unyevu hunasa kwenye rangi inayokauka na kuacha ukungu mweupe. Usipake juani pia, kwani bodi ikiwa ya moto matone hukauka kabla hayajatandaa na uso unakuwa na chengachenga. Kivulini, asubuhi umande ukishakauka, ndiyo saa nzuri. Jioni chini ya taa ni mbaya kuliko zote kwa anayeishi karibu na maji: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoruka kwa makundi watajaa kwenye rangi mbichi, na hakuna namna ya kuwatoa bila msasa.

Vanishi angavu ya gari yenye hadina (dawa ya kuigandisha) ndiyo inayodumu zaidi majini, lakini mvuke wake unaumiza mapafu. Inahitaji barakoa yenye vichujio vya kemikali, nje ya nyumba. Barakoa ya vumbi haisaidii lolote. Kama huna, tumia vanishi ya kopo ya kawaida na uiache siku saba kabla ya kuingia ziwani. Kukauka kwa kugusa kidoleni na kukomaa ni mambo mawili tofauti.

Na umechagua vizuri njano. Bluu na kijani, zinazopendwa sana, hupotea machoni boti ikifika mita 60 tu.

SWALI: Rangi yangu imekunjamana mara tu nilipopuliza mkono wa pili. Kwa nini? (Msomaji, Nyakato)

JIBU: Yaelekea chini kuna rangi ya mafuta na juu umepuliza rangi ya gari inayochanganywa na thina. Thina hiyo kali inaipenya ya chini, nayo inavimba na kujikunja. Kinyume chake hakina shida: rangi ya mafuta juu ya rangi ya gari iliyokauka hukaa vizuri. Kwangua yote, anza upya, na nunua praima, rangi na vanishi za aina moja. Kila mara jaribu kwanza kwenye kipande cha plastiki usichokihitaji.

SWALI: Shikamooni mafundi. Nimetoa betri ya volti 7.4 nikaweka ya 11.1. Boti inapaa, lakini baada ya dakika tatu mota haishikiki kwa moto na tundu la pembeni halitoi maji tena. Propela ni ileile ya milimita 40. (Kijana wa Kirumba)

JIBU: Marahaba. Una matatizo mawili, na kila moja linalizidisha jingine.

La kwanza ni propela. Volti zimepanda mara moja na nusu, na mizunguko ya mota inajaribu kupanda vivyo hivyo. Nguvu inayoliwa na propela hupanda kwa mizunguko ikizidishwa yenyewe mara tatu: 1.5 × 1.5 × 1.5 ni karibu 3.4. Ukigawa kwa volti zilizoongezeka, mkondo wa umeme unakuwa zaidi ya mara mbili ya ule wa mwanzo. Mota na kidhibiti mwendo vilipimwa kwa mzigo wa zamani. Weka propela ya milimita 34 au 35 ya umbo lilelile na mkondo utarudi karibu na ulipokuwa, huku kasi ikibaki juu kuliko ya betri ya kwanza. Kabla ya hapo soma maandishi ya kidhibiti mwendo: kama hakikuandikwa 3S (betri ya seli tatu) au 11.1, usikilazimishe.

La pili ni maji ya kupoza mota, yale yanayotokea tundu la pembeni. Maeneo ya Kirumba na ghuba zake, mizizi ya magugu maji na ule utando wa kijani huziba tundu la kuchotea kwa urahisi. Chomoa mpira, puliza kwa mdomo kuelekea nyuma, uone uchafu unatoka wapi. Bandika kipande cha wavu laini wa chuma kwenye tundu, na uangalie kwamba mpira haujakunjika unapozunguka mota. Kila unapoipitisha boti karibu nawe, tazama pembeni: mchirizi usipoonekana, zima, irudishe. Na ukiona mota imeanza kulia tofauti, pengine ni nywele za magugu zimejizungusha kwenye shafti kati ya propela na kishikio. Zikate kwa wembe. Ukizivuta zinaingia ndani zaidi.

SWALI: Ninatengeneza mfano wa MV Mwanza kwa kipimo cha 1:100, mbao na plywudi. Nikiuweka kwenye beseni unalala upande. Niongeze upana? (Msomaji, Igogo)

JIBU: Usiguse upana, utaharibu umbo. Meli yenyewe, iliyojengwa pale Bandari ya Mwanza Kusini, ina urefu wa mita 92.6 na upana wa mita 17, kwa hiyo mfano wako ni sentimita 92.6 kwa 17. Uzito haugawanywi kwa 100; unagawanywa kwa 100 mara tatu, yaani kwa milioni moja. Meli ya tani 3,500 inakuwa kilo 3.5, na hizo ni pamoja na betri, mota na rangi.

Mifano ya meli za abiria hulala kwa sababu ghorofa za juu ni nzito. Plywudi ya milimita 3 iache kwenye bodi tu; ghorofa zijenge kwa ule ubao mwepesi wa povu wa PVC unaotumiwa na waandika mabango. Zilizookolewa gramu mia mbili au tatu zirudishe sakafuni kama chubwi za risasi za wavuvi, zikiwa zimegandishwa kwa gundi ya epoksi katikati, baada ya kujaribu kwanza kwa kuzilaza bila gundi. Sukuma ubavu mmoja chini kwa kidole na uachie: ikirudi haraka, sawa, ikisita, juu bado kuna uzito. Rangi ya juu iwe mikono miwili tu, tena myembamba.

SWALI: Jina la boti linavuja kingo hata nikibandika tepu ya karatasi. (Msomaji, Nansio)

JIBU: Ukishabandika na kuikandamiza tepu kwa kucha, puliza kwanza rangi ya chini, ileile iliyopo, mkono mmoja mwepesi juu ya kingo. Ndiyo itakayovuja na kuziba mwanya, na haitaonekana. Kisha puliza rangi ya jina. Vua tepu rangi ikiwa bado mbichi kidogo, ukiikunja nyuma karibu kabisa na uso.

SWALI: Mwanangu anacheza na boti hizi ufukweni Bwiru. Niwe macho na nini? (Mama wa watoto watatu)

JIBU: Mama, betri kwanza. Betri ya lithiamu ya mAh 3,000 ichajiwe kwa ampea 3, juu ya sakafu ya saruji, mtu mzima akiwepo. Iliyovimba haichajiwi tena. Isipotumika iachwe kwenye volti 3.8 kwa kila seli.

Pili, asiingie majini kuifuata boti iliyozima, kwa sababu ya kichocho, na mahali pengine mamba na viboko. Awe na mshipi wa kuvulia uliofungwa mpira wa tenisi: anaurusha ng'ambo ya boti na kuivuta taratibu. Achague pia upande ambao upepo unamjia usoni. Mara nyingi asubuhi na mapema upepo hutoka nchi kavu, na boti iliyozima itakwenda zake mbali. Ndani ya bodi jazeni povu la kutosha: lita moja hubeba karibu kilo moja, na boti iliyojaa maji lakini ikielea bado inaweza kuvutwa.